Ikweta, Ramadhani na wapagani wawili: Entebbe mpaka Kasese, Machi 2025

Mliniomba niandike baada ya kuona zile picha kwenye status yangu, mama wa Kizungu amesimama katikati ya duara la mayai pale Kayabwe, penye mstari wa ikweta, na mimi nyuma nimeshika mwavuli kama askari wa mfalme. Nimechelewa kwa sababu Idi iliingia, kisha kazi zikaingia, lakini nimekaa na notsi za kwenye simu na zile risiti ninazotupa kwenye droo ya gari nikaipanga safari yote upya. Kwa asiyenijua, mimi ni dereva wa watalii, Mnubi wa Bombo. Wageni walikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu kutoka Somerset, Uingereza, na binti wa dada yake ambaye aliwahi kufundisha Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wengi hapa Kampala.

Mama alinitumia ombi lake tangu Januari. Anataka awe juu ya mstari wa ikweta tarehe 20 Machi, siku ambayo mchana na usiku vinalingana dunia nzima, halafu anataka aone theluji ya Rwenzori kabla haijaisha. Akaongeza kwamba yeye ni mpagani. Nikasoma mara mbili, ameandika tu hivyo kama mtu anavyoandika mimi ni Mkatoliki. Kumbe kwao wako wengi, sensa ya 2021 ya England na Wales ilipata watu 74,000 waliojiandika hivyo na wengine 13,000 waliojiandika Wicca, tawi moja la upagani huo.

Jumanne 18 Machi, Entebbe

Ndege ilifika kwa wakati, begi la ibada halikufika. Tukasimama pale masaa mawili, mimi nina saumu, koo limekauka, na mama hana hasira hata kidogo, ananiuliza tu kama watoto wangu wanafunga. Kijana mmoja wa mizigo alizunguka kulitafuta mpaka akalikuta upande wa mizigo ya umbo la ajabu, kwa sababu juu yake ilifungwa fimbo ndefu ya mti wa kwao. Akataka kukataa bakshishi, nikamlazimisha.

Maghribi ilinikuta parking. Mlinzi wa geti aliona natafuta maji kwenye buti akanipa tende tatu kwenye kitambaa chake, akasema "Hajji, anza na hizi." Sijawahi kwenda Makka, ila ukiwa na ndevu na kofia Uganda hii umeshakuwa Hajji.

Kwa wanaokuja: Express way ya Entebbe gari dogo ilikuwa shilingi 5,000 za Uganda, kuwa na pesa taslimu mkononi usipoteze muda wa watu. Kama unafika jioni lala Entebbe, usijitie kwenye jam ya Kampala usiku wa Ramadhani.

Jumatano 19 Machi, Entebbe mpaka Masaka

Kabla hatujaondoka niliwapa somo moja. Mama ana kawaida ya kujitambulisha kwa Kiingereza kwamba ni mchawi, anasema huku anatabasamu. Nikamwambia madam, hapa hilo liache kwenye begi. Uganda tuna sheria ya uchawi ya 1957 na bado iko vitabuni, mtu anaweza kupelekwa mahakamani. Binti akatafuta kwenye simu akaanza kucheka, maana Waingereza wenyewe walifuta ya kwao 1951, halafu miaka sita baadaye, wakiwa bado wanatutawala, ikapitishwa hii yetu. Mama akasema sawa, kwenye roadblock mimi ni mwalimu. Na kweli afande wa baada ya Mpigi alipouliza akajibu "teacher", tukapewa salute.

Njiani nikamuuliza vizuri hii dini ikoje. Wana sikukuu nane, wanaziita gurudumu la mwaka: siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote, siku mbili za kulingana mchana na usiku, halafu nne za katikati, Samhain mwisho wa Oktoba, Imbolc mwanzo wa Februari, Beltane Mei mosi na Lughnasadh Agosti mosi. Nilidhani yote ni mambo ya tangu Nuhu. Binti akasema vipande vyake ni vya kale kweli, lakini kuvikusanya vyote nane kwenye duara moja ni kazi ya miaka ya 1950, watu kama Gerald Gardner na Ross Nichols, na jina la Mabon wanaloiitia sikukuu ya Septemba lililetwa na Mmarekani Aidan Kelly miaka ya 1970. Yaani dini yenye umri wa mama yangu, na hawaoni aibu kulisema, hapo nikawaheshimu.

Sasa shida yao ni hii. Hizo sikukuu zimefungwa kwenye tarehe na jua, lakini maana yake iko shambani. Imbolc ni maua madogo meupe yanayotoboa baridi, Beltane ni kichaka chao cha miiba kikichanua meupe Mei. Mwaka 2022 watafiti wa Cambridge walipitia kumbukumbu za aina zaidi ya 400 za mimea wakaona siku hizi inachanua karibu mwezi mzima mapema kuliko kabla ya 1986. Na Julai ya mwaka huo huo joto la Uingereza lilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kupima. Mama anasema Agosti iliyofuata kikundi chao kilikutana bila moto, majani yamekauka mpaka wakaogopa kuwasha mshumaa. Wanaimba karibu majira ya kuchipua, na majira yenyewe yameshapita wamelala.

Tulikata kona Mawokota kwa mafundi wa lubugo, nguo ya gome la mutuba. Hapa ndipo siku ilipokwenda yote na sijutii. Mzee fundi alituweka kwenye banda lake lisilo na kuta, lina paa tu, gome lisipigwe na jua likakauka haraka. Gome lenyewe linavuliwa mtini wakati wa mvua, linatoka bichi na lina maji, wanalilaza kwenye gogo na kulipiga kwa nyundo za mti zenye mistari, kwanza ile ya mistari mipana, halafu ya wastani, halafu ile laini. Kipande kilichokuwa kama mkono wangu kwa upana kikaanza kutanuka mbele ya macho yetu, ngo ngo ngo, watu wawili wanapokezana bila kugongana. Mti wenyewe wanaufunga majani ya mgomba pale walipouvua, kama mgonjwa aliyefungwa bandeji, unaotesha gome lingine mwakani. UNESCO iliitambua kazi hii 2005.

Mama akauliza wanaanza lini msimu. Mzee akasema zamani mvua ya togo ikishaingia Machi unaanza, sasa inaingia, inakata wiki mbili, inarudi kwa hasira. Ukivua gome halafu jua likakaza, mti unaumia. Basi anakaa anasubiri mvua ya pili na ya tatu ndio aamini. Kumbe hana tarehe kabisa, anaenda kupapasa shina kwa kidole. Mama aliandika hilo kwenye daftari akapiga mstari chini. Kipande kimoja walinunua 80,000, walianza 120,000.

Masaka tuliingia usiku. Futari nilishakula Lukaya ndani ya gari, gonja (ndizi) mbili na maziwa ya moto.

Alhamisi 20 Machi, Kayabwe

Siku yenyewe. Tukarudi nyuma Masaka mpaka Kayabwe, unapita tena Lwera, ile tambarare ya kinamasi yenye mchanga na mashamba ya mpunga. Kama mnakumbuka, Mei 2023 maji yalikula daraja la Katonga hapo hapo, barabara ikafungwa, magari yote ya kusini magharibi yakazungushwa Kanoni na Sembabule, mimi nililala ndani ya gari na wageni Waholanzi. Mama akaangalia maji pande zote mbili akasema kwao Somerset ni tambarare hivi hivi, baridi ya 2013 kuingia 2014 vijiji vilizungukwa na maji wiki nyingi, watu wakaenda dukani kwa mtumbwi.

Kayabwe ni ile duara nyeupe ya saruji kila mtu amepiga nayo picha, maduka ya vinyago na vijana wa mabeseni wanaokuonyesha maji yanazunguka kulia kaskazini na kushoto kusini. Nawaambia ukweli kwa sababu naishi kwa kazi hii: nguvu ya dunia kuzunguka haiwezi kugeuza maji ya beseni dogo hatua chache kutoka kwenye mstari, ni mkono wa kijana anavyomimina. Lakini ni onyesho zuri, wape pesa yao. Walitutajia 20,000 kwa kichwa tukamalizana 30,000 wote.

Mkutano mkubwa ulikuwa kati ya mama na mstari wenyewe. Kaskazini mwa ikweta tarehe hii kwao ni Ostara, majira ya kuchipua yanaanza, mayai na mbegu. Wapagani wa Australia wamegeuza gurudumu, kwao Machi ni Mabon, mavuno na majani yanaanguka. Sasa ukiweka mguu mmoja huku na mwingine kule, unasherehekea ipi? Halafu duara lao linatembewa kufuata jua, kaskazini ni upande wa mshale wa saa, kusini ni kinyume. Moto wanauweka upande jua linakopita, Uingereza ni kusini, Australia ni kaskazini, na hapa leo jua linapita utosini. Walibishana kama mawakili nusu saa. Mwisho moto ukawekwa katikati, mshumaa mmoja ndani ya mtungi, na mama akatembea nusu duara huku na nusu kule akigeuka kila akivuka mstari. Kijana wa mabeseni alikuwa anatazama kwa makini sana akaniuliza, "Hajji, na hawa wanafanya ya maji?" Nikamwambia karibu.

Mimi sikuingia kwenye duara. Niliwaambia mapema, madam mimi nafunga, dini yangu ni moja, nitashika mwavuli na saa. Wakasema hiyo ni kazi tosha.

Na saa ndiyo ilikuwa na mambo. Mwaka huo dakika yenyewe ya ikwinoksi, yaani kulingana kwa mchana na usiku, ilikuwa saa sita na dakika moja mchana kwa saa zetu, mama alikuwa ameipangia kila kitu. Akasimamisha fimbo yake kwenye mstari, saa sita na moja ikafika, wingu limeziba, na lilipopisha kidogo kivuli bado kipo, kimelala upande wa magharibi urefu wa mkono hivi. Akanitazama kama nimemuuzia ikweta feki. Nikamwambia subiri. Sisi tunaoswali adhuhuri tunajua, huku kwetu jua halifiki katikati saa sita, linafika karibu saa saba, maana saa ya Afrika Mashariki imepigwa kwa mstari ulio mashariki zaidi. Tukakaa. Wingu likaondoka saa saba kasoro robo. Kivuli kikaanza kujikunja, binti akawa anaweka kokoto kila kinapofika, kokoto zikasogea kuelekea fimbo, na saa saba kasoro dakika moja hakukuwa na kivuli, kijiti kimesimama peke yake, hata vivuli vyetu tumevikanyaga. Wauza vinyago wakatoka madukani kuja kuangalia, mama mmoja anauza hapo miaka yote akasema hajawahi kupima. Kijana wa mabeseni akasimamisha chupa yake ya soda pembeni.

Wakala mayai yao ya kuchemsha, wakawagawia watu wote, mimi langu nikaliweka mfukoni mpaka saa moja. Saa nane mvua ikashuka ile ya kumwaga, tukakimbilia duka la vitambaa, mwenye duka akatupa viti na hakutaka tununue kitu.

Hapo dukani binti ndio akaniuliza, kaka, Ramadhani yenu ni ya msimu gani? Nikamwambia haina msimu. Inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, nilipokuwa mdogo tulifunga wakati mwingine kabisa, baada ya miaka kama 33 inakuwa imezunguka yote. Mvua ije isije, mwezi ukionekana tunafunga. Akamtafsiria mama, mama akakaa kimya kidogo halafu akasema nyinyi mna bahati. Akaniambia Uingereza walipobadili kalenda 1752 zilirukwa siku 11, Mei mosi ikawa inafika kabla kile kichaka cha miiba hakijachanua. Sasa joto limerudisha maua tarehe yake na kuyapitisha. Bahati ninaikubali, ila nilimwambia pia: mama yangu mzazi Bombo anafunga kwa mwezi na anapanda maharage kwa mvua, na hiyo ya pili mwaka huu alikuwa bado anangoja.

Ijumaa 21 Machi, Masaka mpaka Kasese

Kuendesha tu. Mbarara nilisimama kuswali Ijumaa, wageni wakanisubiri kwenye mgahawa na walipewa katogo ya ofali, ndizi zilizopikwa na matumbo, wakala yote. Bushenyi mvua, Kichwamba ukungu, daraja la Katunguru viboko. Barabara kuu inapita ndani ya Queen Elizabeth bila kiingilio, ila ukikata kona kwenda kutafuta simba unalipa, na kwa dola. Kabla ya Kasese mnavuka ikweta mara ya pili, kuna alama na hakuna vijana wa mabeseni, kama unataka utulivu njoo hapa badala ya Kayabwe.

Jumamosi 22 Machi, Kilembe

Mlima haukuonekana. Tuliamka alfajiri, wingu, saa tatu wingu, saa kumi wingu. Mama alikuwa amelipia safari nzima kwa ajili ya ule weupe. Kupanda mpaka barafuni ni wiki nzima na magoti yake hayaruhusu, basi tukapanda bonde la Kilembe kwa boda, 5,000 kila mtu.

Mto Nyamwamba mnaujua kwa habari. Mei 2013 ulishuka na mawe ukabomoa, Mei 2020 ukarudi ukaimaliza hospitali ya Kilembe. Mawe yake bado yako katikati ya nyumba, makubwa kama gari langu, watoto wameyageuza mahali pa kuanikia nguo.

Tulimpata mzee aliyefanya kazi mgodi wa shaba kabla haujafungwa, Kiswahili chake ni kile cha mgodini, kizito na kizuri. Alinikaribisha "kaa mwanangu" na hakuuliza wageni ni dini gani. Akasema Wakonzo, wenyeji wa mlima huu, wana Kitasamba, mwenye mlima, anakaa juu kwenye theluji, na theluji yenyewe ni Nzururu. Zamani hakuna aliyepanda bila kuomba ruhusa. Mama akauliza wanamfanyia sherehe tarehe gani, mzee akashangaa swali. Wanaenda kukiwa na jambo, ugonjwa, mvua imekataa, mto umechukua watu. Na theluji ikiisha? Akasema hilo wazee wamegawanyika, wengine wanasema Kitasamba amekasirika, yeye anaona mwenye nyumba haondoki kwa sababu paa limetoboka, ila usitegemee akupokee vizuri.

Mjukuu wake ni pota, anabeba mizigo ya wapanda mlima. Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka akatuonyesha picha za barafu ya kilele cha Margherita. Ile iliyobaki akilini mwangu ni ya chuma cha kufungia kamba: kimepigiliwa kwenye mwamba juu ya kichwa cha mtu mrefu, kinaning'inia hewani. Akasema kilipopigiliwa ulikuwa unasimama kwenye barafu ukakifikia kifuani. Wataliano wa Duke wa Abruzzi walipopanda 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 6, kufika 2003 haikufika hata 1. Mimi nambari hizi nazijua, nawasomea wageni kila msimu, lakini ule msumari ulinitosha.

Mama alitaka kuacha yai na kipande cha lubugo mtoni. Mzee akamwambia yai aache, lubugo abebe, maji yataitupa kwenye shamba la mtu.

Kurudi

Tulirudi kwa njia ya Fort Portal na Mubende, barabara nzuri, chai pande zote, hakuna la kusimulia. Jumanne niliwashusha Entebbe. Jumatano 26 nikiwa naelekea nyumbani Kampala ikafurika, watu kadhaa wakapoteza maisha, mimi nikaganda kwenye foleni na maji yanagusa milango, nikafuturu kwa maji ya chupa na biskuti alizonirushia konda wa taksi ya jirani kupitia dirishani.

Mambo ya kujua kama unataka kufanya hii safari. Petroli ilikuwa inacheza karibu na 5,000 kwa lita. Rwenzori ukitaka kuiona kwa mbali usije Machi mpaka Mei, jaribu Januari au Julai, na tenga asubuhi zaidi ya moja. Kayabwe Septemba 2025 ikwinoksi iliangukia tarehe 22 saa tatu na dakika kumi na tisa usiku, kwa hiyo mchana wa 22 au wa 23 yote sawa, ila Septemba kivuli hupotea mapema zaidi, kama saa saba kasoro robo, msije saa saba mkasema dereva aliwadanganya.

Na mlioniuliza wale wageni wameamuaje: binti aliniandikia mwanzoni mwa Mei. Kikundi chao kilipiga kura wasubiri kichaka kichanue au washike Mei mosi. Kichaka kilishachanua Aprili wakiwa bado wanajadiliana, basi wakagawanyika, wengine walishaenda Aprili na mama, wengine wakawasha moto wao tarehe 1 kama kawaida. Mama ameshaniuliza bei ya Septemba.